Mwenye Kulinda Msitu Apewe Hati

Waya wa umeme unaotoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, husafiri kilomita zipatazo 1,700 mpaka kufika Kolwezi. Ulikamilika mwaka 1982, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote ya aina yake duniani. Uliletwa kwa ajili ya shaba. Vijiji vinavyopitiwa na waya huo hupika kwa kuni, na mji unaoishia waya huo hupika kwa makala, kama tunavyouita mkaa huku Katanga. Mabwawa ya Nzilo na Nseke nayo yako hapahapa kwetu, juu ya mto Lualaba, lakini umeme wake hutangulia machimboni kabla ya kufika jikoni.

Ndiyo maana ukitoka mjini alfajiri kwa barabara yoyote, iwe ya Nzilo, ya Mutshatsha au ya Likasi, utakutana na baiskeli za makala. Mwenye baiskeli hapandi. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye mti uliofungwa nyuma ya tandiko, na magunia yamesimama marefu kuliko kichwa chake. Mdomo wa kila gunia umezibwa kwa majani makavu na kushonwa kwa kamba. Jioni makala hayo yatakuwa ndani ya mbabula, yaani jiko la makala, na watu watasonga bukari yao, ugali wa huku, juu yake. Dunia nzima inaandika habari za kobalti yetu, kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake jimboni kwetu Lualaba. Habari za gunia lile hazimfikii mtu.

Gunia hilo lina msitu wake, na msitu huo una wenyewe. Katika vijiji vya ukanda huu wa shaba wapo watu waliokwisha kuona kwamba miti inakwenda na hairudi, wakaanza kukutana chini ya shefu wao, kupanda miche, kuzuia moto, kufukuza wakataji wa mbali. Tunawasifu. Siku ya mazingira tunawapa fulana, miche ya mshita na hotuba. Halafu tunawaacha mikono mitupu mbele ya mtu aliyekuja na lori na karatasi yenye muhuri. Maoni yangu ni haya: kikundi cha kijiji hakilindi msitu kwa mapenzi peke yake. Kinahitaji hati, fedha na soko. Vyote vitatu viko tayari, viwili vimeandikwa katika sheria za nchi yetu wenyewe na cha tatu kinakaa mjini Kolwezi kikisubiri makala ya kesho. Kilichokosekana ni watu wa kuviunganisha.

Kwanza tujue tunazungumzia msitu gani. Huu ni miombo, msitu mwangavu wa miti isiyobanana, unaotanda kutoka Angola, ukapita Katanga na Zambia, mpaka Tanzania na Msumbiji. Mwezi wa tisa, kabla ya tone la mvua kuanguka, miti yake huchipua majani mekundu, na mgeni hudhani inakauka. Mvua zikishika, uyoga hutoka. Upo unaoota juu ya vichuguu wenye kofia inayoweza kufikia upana wa mita moja, mkubwa kuliko uyoga wote unaoliwa duniani. Halafu hufuata viwavi, asali, matunda, dawa za mizizi na magome. Mtaalamu wa mimea François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1997, juu ya namna watu wanavyojilisha kutoka msitu huu. Mama wa kijijini Mutshatsha hahitaji kukisoma, kwa kuwa yaliyomo ni soko lake la Januari.

Na msitu huu ni mzee wa shaba. Karne nyingi kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937, mafundi wa Katanga waliitwa wala shaba. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha mawe kwa makala ya miombo, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akasimamisha utawala wake Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya jimbo letu la Lualaba, alipata nguvu kwa biashara ya shaba hiyo, pembe za ndovu na watumwa. Hata wapelelezi wa madini walisaidiwa na mimea: Haumaniastrum katangense, ua dogo la zambarau, hupenda udongo wenye shaba, na penye maua hayo mengi palichimbwa. Basi wanaosema kwamba Lualaba ni nchi ya madini wala si nchi ya misitu wamesahau kwamba bila msitu shaba ile ya kwanza isingeyeyuka.

Msitu unakwisha vipi? Kwa njia nyingi kwa pamoja. Machimbo makubwa hufyeka ardhi kwa ajili ya mashimo, mabwawa ya tope na kambi. Mji unaokua unahitaji matofali, na matofali huchomwa kwa kuni. Mashamba ya mahindi husogea. Mukula, mti wa damu nyekundu, ulikatwa ovyo katikati ya miaka ya 2010 ukavushwa Zambia kuelekea China, na vijiji vilivyouona ukipita vilibakiwa na visiki. Halafu yako makala.

Mchoma makala huchagua miti migumu, huiangusha, huikata vipande, huvipanga kwa ustadi, huvifunika kwa majani kisha kwa udongo, na kuacha tundu la kuwashia. Hapo hulala karibu, siku na siku. Moshi mweupe mzito humwambia kwamba mti ungali unatoa maji. Moshi ukiwa mwepesi wa kibuluu, makala yanaiva. Udongo ukipasuka usiku na yeye amelala, hewa huingia, na asubuhi hukuta majivu. Hata akifanikiwa, tanuri la udongo la kawaida humpa kilo 10 mpaka 20 tu za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kazi yote ile, hasara yote ile, na bei anaipanga mchuuzi wa mjini.

Simlaumu. Kati ya wachoma makala wamo waliopoteza mashamba yao kwa machimbo, wamo waliochoka kuingia mashimoni kutafuta kobalti wakihofia udongo utawafunika, wamo vijana wasiopata kazi kampuni iliyo mbele ya macho yao. Kumkamata mtu wa namna hiyo na kumnyang'anya baiskeli ni kumwadhibu mtu kwa sababu tumemnyima umeme. Tena uzuri wa miombo ni kwamba hauuawi na shoka. Ukikata mti vizuri, kisiki huchipua upya. Kinachouua ni kukatwa tena kabla haujakua, kung'olewa kwa ajili ya shamba, na moto mkali wa mwisho wa kiangazi unaokuta majani yamekauka kabisa na kuchoma machipukizi. Maana yake ni kwamba msitu huu unaweza kuvunwa na ukabaki, alimradi kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema: hapa leo, pale baada ya miaka ishirini, kule kamwe.

Mtu huyo ni nani? Leo hayupo. Shefu ana heshima ya mila, lakini mkataji akija na kibali kutoka ofisi ya mjini, heshima haifui dafu. Kikundi cha vijana kikizuia lori, kesho yake kinaitwa polisi kujibu kwa nini kinaingilia biashara ya mtu. Wakiambiwa watoe karatasi inayosema msitu ni wao, hawana. Kila aliyewahi kukaa katika mabaraza ya vijiji hivi anajua jinsi mazungumzo yanavyoishia hapo.

Na karatasi hiyo ipo. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema jamii inayomiliki msitu kwa mila inaweza kupewa msitu huo rasmi. Iliwachukua wakubwa miaka kumi na miwili kuandika dekreti ya utekelezaji, iliyotoka tarehe 2 Agosti 2014, ikafuatwa na agizo la waziri la Februari 2016. Kwa mujibu wa maandiko hayo, jamii inaweza kupata mpaka hekta 50,000. Inapewa bure. Inapewa milele. Anayetia sahihi ni gavana wa jimbo, si waziri wa Kinshasa. Ndani yake jamii inaweza kuvuna mbao, kuchoma makala, kufuga nyuki, kulima, kuwinda kwa utaratibu, au kuamua sehemu isiguswe kabisa. Inatakiwa iwe na baraza la wanajamii wote, kamati ya kusimamia, kamati ya kuikagua ile ya kwanza, na baraza la wazee la kusuluhisha ugomvi. Jamii nyingi za Équateur, Tshopo na Kivu zimekwisha kuchukua hati zao. Majirani zetu wa Haut-Katanga, vijijini karibu na Lubumbashi, wamechukua pia, wakisaidiwa na FAO, katika miombo hii hii. Lualaba, jimbo tajiri kuliko mengi nchini, halina udhuru wa kubaki nyuma.

Kwamba jambo hili linawezekana, Tanzania imekwisha kuonyesha. Wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walifanya kazi na vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe. Hawakukataza mkaa. Waliupangia mahali. Kijiji kilipima msitu wake, kikatenga sehemu ndogo ya mkaa, na sehemu hiyo ikagawanywa miraba ya mita 50 kwa 50. Hukatwa mraba mmoja, wa jirani unaachwa, kama ubao wa drafti. Mraba uliokatwa unapumzika miaka 24 kabla ya shoka kurudi, na visiki vinalindwa vichipue. Mchomaji hufundishwa tanuri bora, hulipa ushuru kwa kijiji, na mkutano wa kijiji huamua fedha ziende kwenye darasa, zahanati au kisima. Mchoma mkaa, aliyekuwa mwizi machoni pa serikali, akawa mlipa kodi anayemzuia mwizi.

Huko huko Tanzania, Kilwa, watu wa kijiji cha Kikole na wenzao walikwenda njia nyingine. Mwaka 2009 misitu yao, inayosimamiwa kwa msaada wa shirika la MCDI, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa msitu, cha kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili ya jamii, wakauza mpingo unaotengenezewa zumari za wanamuziki wa Ulaya. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliwaruhusu kubaki na mapato ya msitu wao wenyewe. Lakini tusiipambe hadithi. Mwaka 2019 serikali kuu ilitoa kanuni mpya za uvunaji katika misitu ya vijiji, na biashara ya Kilosa ikayumba. Somo ni kwamba hati ya kijiji inahitaji watetezi mjini pia, kwa maana kalamu iliyotoa inaweza kupunguza.

Hapa msomaji wa Kolwezi ataniuliza swali ambalo nisipolijibu maandishi haya hayana faida. Hati ya msitu itazuia nini siku kampuni ikija na kibali cha machimbo? Katika nchi hii yaliyo chini ya ardhi ni ya Serikali. Mfano tunao karibu: Basse-Kando, hifadhi ya uwindaji iliyo kati ya Kolwezi na Likasi, ililindwa na dola yenyewe kwenye ramani, na bado vibali vya machimbo vikatolewa juu yake. Ikiwa hifadhi ya Serikali haikujilinda, kijiji kitajilinda vipi?

Jibu langu ni kwamba hati haitazuia kila shimo. Itakachofanya ni kumbadilisha mwanakijiji kutoka mtu anayehamishwa kuwa mtu anayelipwa na kusikilizwa. Sheria ya Madini inamtaka mwenye kibali alipe fidia kwa wenye haki juu ya ardhi. Leo mwanakijiji hulipwa kwa muhogo na mwembe wake, vitu vinavyohesabika kwa macho, na msitu alioutumia maisha yote huhesabiwa pori la bure. Akiwa na hati, ramani na mpango wa usimamizi, msitu huo una mwenyewe, una mapato yaliyoandikwa, na una bei. Kampuni italazimika kukaa mezani na kamati badala ya kukaa na shefu peke yake nyuma ya pazia. Tena sehemu kubwa ya Mutshatsha na Lubudi haina shimo bado. Kinachovimaliza vijiji vile ni lori na moto, na dhidi ya hivyo hati ni silaha kamili.

Sasa fedha. Kupima mipaka, kuandika mpango, kulipa walinzi na kukata njia za moto si kazi ya kuchangishana. Lakini Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inazilazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya jamii zilizoguswa na machimbo. Kampuni ikiuza kwa dola bilioni 1, hiyo ni dola milioni 3 kila mwaka. Juu ya hapo, asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni haki ya mji, sekta au eneo la shefu lililo na mgodi. Hizi si fedha za hisani. Zimejenga shule na vituo vya afya, na ni vyema. Zimejenga pia majengo ambayo mwaka wa pili milango imefungwa kwa kukosa mhudumu. Nani amewahi kusikia mradi wa fedha hizo ulioanza kwa kijiji kusema: tupimieni msitu wetu, tupatieni hati, tununulieni mizinga na matanuri bora? Wawakilishi wa jamii wamo katika vyombo vinavyosimamia mifuko hiyo. Waombe hilo kabla ya kuomba jengo jingine.

Na soko. Kusifu msitu bila kuuza chochote kutoka ndani yake ni kuwaomba maskini walinde mali isiyowalisha. Ng'ambo ya mpaka, Kabompo katika mkoa wa Kaskazini-Magharibi wa Zambia, wafugaji nyuki wa miombo wameuza asali yao Ulaya kwa miaka mingi. Ni watu tunaoshiriki nao lugha na koo, na nyuki wao wanakula maua ya miti ile ile. Sisi tuna Kolwezi yenyewe: mji wenye wahandisi, mahoteli na kantini za kampuni zinazolisha maelfu kila siku. Kantini moja ikikubali kununua asali, uyoga mkavu na makala kutoka kijiji chenye hati, kikundi cha msitu kitapata mshahara wa walinzi wake bila kupiga hodi kwa mfadhili. Makala yenye alama ya kijiji kwenye gunia, yaliyotoka kwenye mraba uliopangwa, yauzwe kwa bei inayofahamika, na ushuru wa njiani upungue kwa gunia hilo. Mchuuzi hufuata faida. Hapo hatahitaji mahubiri.

Liko jambo moja la kuwaambia wanakijiji wenyewe, kwa kuwa adui hatoki nje siku zote. Mashefu wamewahi kuuza pori la wote kwa bahasha ya mtu mmoja. Kamati zimewahi kujaa shemeji na wapwa. Wanawake, wanaoujua msitu kwa uyoga wake, kuni zake na dawa zake, huitwa mkutanoni kupika chakula cha wageni. Hati iliyo chini ya mto wa kitanda cha shefu haijawa hati ya jamii. Mali bila daftari huisha bila habari: fedha zinazoingia zisomwe hadharani kila mwezi, kwa Kiswahili, mbele ya wote, na kamati ya ukaguzi iwe na wanawake wenye sauti, si wa kuhesabiwa tu.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na kila moja lina mlango wake. Ofisi ya gavana iweke dawati moja la kupokea maombi ya misitu ya jamii na itangaze kila robo mwaka ni mangapi yamepokelewa na mangapi yametiwa sahihi. Vyombo vya mfuko wa asilimia 0.3 vitenge fungu la kupima na kuandikisha misitu ya vijiji vilivyo katika maeneo yao. Chuo Kikuu cha Kolwezi na kile cha Lubumbashi viwatume wanafunzi wao wa kilimo na misitu wakachore ramani hizo pamoja na wazee wanaojua mipaka ya mito na vichuguu. Na wewe unayenunua makala kesho asubuhi, muulize mchuuzi yametoka kijiji gani. Siku atakapolazimika kujibu, ndipo kijiji hicho kitakapoanza kuwa na jina, na mwenye jina hadai tena kwa kuomba. Madini ya Lualaba yana hesabu, yatakwisha. Msitu wake una uwezo wa kuchipua kila mwaka, alimradi tumwandikie mwenyewe kabla ya lori la mwisho.